Mchina kwa Mpalestina, Mchina kwa Muisraeli: nani anapata nini, na we uamini lipi

Kila Gaza ikiwaka magrupu yanagawanyika kambi mbili kuhusu Mchina. Kambi ya kwanza inasema China ndo mkubwa aliyebaki anayemtetea Mpalestina bila kupepesa macho, angalia kura zake UN. Kambi ya pili inajibu acheni utani bana, Mchina huyo huyo anaendesha bandari Haifa na ndo kachimba handaki la treni Tel Aviv. Ubishi hauishi kwa sababu wote wanasema kweli, ila kila mmoja kashika nusu yake na hataki kuona ya mwenzake.

Sa mi nimeona niziweke hizo nusu mbili ubavu kwa ubavu, anachopata Mpalestina kutoka Beijing na anachopata Muisraeli, afu we uchague usomaji gani unakufaa. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinitafute: usimpime Mchina kwa anachosema wala kwa anayepiga naye picha, mpime kwa kinachomgharimu. Ukishika hapo mambo mengi yanayoonekana kama kigeugeu yanakaa sawa.

Walivyoanza

Hapa wengi wanateleza. Israel ndo ilikuwa nchi ya kwanza Mashariki ya Kati kuitambua serikali ya Mao, tarehe 9 Januari 1950, wakati Marekani yenyewe ilikuwa bado inamshikilia mpinzani wake aliyekimbilia Taiwan, Chiang Kai-shek. Beijing haikurudisha ubalozi. Ikaja vita ya Korea, Israel ikajivuta kwa Wamarekani, afu mwaka 1955 kule Bandung, Indonesia, kwenye mkutano wa nchi za Asia na Afrika, waziri mkuu wa China Zhou Enlai akakaa meza moja na Waarabu (Israel haikualikwa) na hesabu ikawa rahisi tu, Waarabu ni nchi nyingi na Israel ni moja. Uhusiano wa kibalozi umekuja kufunguliwa 24 Januari 1992. Miaka 42 mtu anagonga mlango!

Upande wa Palestina kinyume chake. PLO, ile jumuiya ya ukombozi wa Palestina, imeundwa 1964, na mwaka uliofuata tu kiongozi wake Ahmad Shukeiri yuko Beijing anapokelewa na Mao, ofisi inafunguliwa, China inakuwa nchi ya kwanza isiyo ya Kiarabu kuipa PLO hadhi ya kidiplomasia. Na haikuwa hotuba tu, wapiganaji walipewa silaha na mafunzo. Novemba 1988 Arafat alipotangaza Dola ya Palestina kule Algiers, China iliitambua ndani ya wiki.

Na kuna kitu huwa kinanichekesha. Oktoba 1971 UN inapiga kura ya kumrudishia Beijing kiti chake, azimio namba 2758, lile ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioliandaa na balozi wake Salim Ahmed Salim alikuwa mle ukumbini. Israel ilipiga kura ya NDIYO. Miaka minne baadaye, 1975, Baraza Kuu linaletewa azimio la kusema Uzayuni ni ubaguzi wa rangi, China nayo inapiga NDIYO. Hiyo ndo shukrani waliyopata. Lakini Beijing ilikuwa inanunua kura za Waarabu na Waafrika, na kura ya Israel ilishaipata bure.

Silaha: hapa ndo patamu

Kama unataka sehemu moja tu ya kukuonesha jinsi Mchina anavyofikiri, soma hii.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70 silaha zilikuwa zinatoka China kwenda kwa Wapalestina. Mao akafa, akaja Deng Xiaoping, China ikafungua milango, jeshi lake likawa la kizamani na mapema 1979 likaumia Vietnam. Nani ana teknolojia ya kuboresha vifaru vya mtindo wa Kirusi na haulizi maswali mengi? Israel, maana imeteka vifaru vya Kirusi kwa Waarabu na inavijua ndani nje. Kwa hiyo 1979 ujumbe wa Kiisraeli ukaenda China kimyakimya na ndege binafsi ya tajiri mmoja anaitwa Shaul Eisenberg, na miaka yote ya 80 biashara ikaendelea huku hawana hata ubalozi, na huku Beijing hadharani inaendelea kuilaani Israel kwenye kila kikao. Yaani aliyekuwa anampa bunduki Mpalestina akageuka mteja wa anayepigana na Mpalestina, na hakubadilisha hata mstari mmoja wa hotuba.

Ikafika mwisho mbaya. Israel ilikubali kumtengenezea China ndege ya rada ya Phalcon, ile ya kuona vita yote kutoka juu. Aprili 2000 Jiang Zemin anatembelea Israel, rais wa kwanza wa China kufika pale, anahakikishiwa dili liko palepale. Julai mwaka huohuo waziri mkuu wa Israel Ehud Barak yuko Camp David, Marekani, kwenye mazungumzo ya amani na Arafat, anahitaji Clinton amsaidie, Wamarekani wanamwambia hiyo ndege haiendi, dili linavunjwa. Israel ikaja kulipa fidia ya kama dola milioni 350. Afu droni za Kiisraeli za Harpy, ambazo China ilishazinunua miaka ya 90 na kuzilipia, zikarudi Israel kwa matengenezo mwaka 2004, Marekani ikasema zisirudishwe kwa mwenyewe. Mkurugenzi mkuu wa wizara ya ulinzi ya Israel, Amos Yaron, akaondoka kazini kwa sakata hilo. Tangu hapo biashara rasmi ya silaha ya Israel na China imekufa.

Kwa hiyo kwenye silaha leo ni sifuri kwa sifuri. Mpalestina hapewi na Muisraeli hauzi. Lakini angalia nani aliifunga kila njia: ya Palestina aliifunga Mchina mwenyewe alipoona haimlipi, ya Israel kaifunga Mmarekani.

Kura na maneno

Hapa Mpalestina anashinda kwa mbali, sina hata haja ya kurefusha. Disemba 2016 China ilipiga NDIYO kwenye azimio 2334 la kulaani makazi ya walowezi wa Kiisraeli kwenye ardhi ya Palestina. Oktoba 2023, siku moja baada ya shambulio la tarehe 7, tamko la Beijing halikuitaja Hamas kwa jina, Israel ikasema wazi imesikitishwa, na wiki moja baadaye waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, akasema Israel imeshavuka mipaka ya kujilinda. Mwisho wa mwezi huo China na Urusi zikapiga kura ya turufu kuua rasimu ya Marekani, na Machi 2024 tena. Februari 2024 kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague mwanasheria wa wizara yao ya mambo ya nje, Ma Xinmin, alisimama akasema watu walio chini ya ukaliaji wana haki ya kutumia nguvu kuupinga. Hilo hata baadhi ya Waarabu hawalisemi kwa sauti.

Muisraeli yeye kwenye kura hapati kitu. Anachopata ni sentensi moja inayorudi kila tamko, kwamba usalama wa Israel nao lazima uhakikishwe, mataifa mawili, mipaka ya 1967, Yerusalemu Mashariki mji mkuu wa Palestina. Wimbo ni huohuo miaka nenda rudi.

Ila bei ya hizo kura kwa Beijing ni ngapi? Hakuna. Baraza Kuu karibu lote liko upande huo huo. Ukisimama na Palestina UN unasimama na Afrika, Waarabu, na nusu ya Asia, halafu Marekani inabaki peke yake imenyoosha mkono, na hiyo picha kwa Beijing ni zawadi.

Na kura zinalipwa kwa kura. Juni 2021 Israel iliweka sahihi tamko la kundi la nchi lililoongozwa na Canada kuikosoa China kuhusu Waislamu wa Xinjiang. Juni 2023 rais wa Palestina Mahmoud Abbas akiwa Beijing alitoa tamko la pamoja na Wachina linalosema Xinjiang ni mambo ya ndani ya China na si suala la haki za binadamu hata kidogo, ni kupambana na ugaidi na misimamo mikali. Soma tena hiyo taratibu. Rais wa watu wanaoitwa magaidi kila siku anawasainia wengine lebo hiyo hiyo. Simlaumu sana, hana kingine cha kulipia, ila nani anasema Mchina anatoa bure?

Hela

Hapa mizani inageuka vibaya mno.

Biashara ya China na Israel 1992 ilikuwa makumi ya mamilioni ya dola, siku hizi ni zaidi ya bilioni 20 kwa mwaka, na ukihesabu nchi moja moja China ni ya pili kwa Israel baada ya Marekani. ChemChina, kampuni ya serikali ya China, ilinunua sehemu kubwa ya kampuni ya viuatilifu ambayo leo inaitwa Adama. Bright Food, ambayo ni mali ya serikali ya jiji la Shanghai, ilichukua hisa za kutawala kwenye Tnuva mwaka 2015, na Tnuva ndo maziwa na jibini la kifungua kinywa cha Waisraeli, ni kama serikali ya Shanghai imenunua chapati na chai yako ya asubuhi. Machi 2017 Netanyahu alienda Beijing wakasaini ushirikiano kamili wa ubunifu. Septemba 2021 ikafunguliwa bandari mpya ya Haifa, mwendeshaji ni SIPG, kampuni ya bandari ya Shanghai, kwa miaka 25, na hapo jirani ndo meli za kivita za Marekani huwa zinatia nanga, we fikiria Washington walivyokuwa wanakosa usingizi. Bandari mpya ya Ashdod imejengwa na Wachina. Laini nyekundu ya treni ya Tel Aviv iliyofunguliwa Agosti 2023, handaki Wachina, mabehewa Wachina.

Ila na huku pia Mmarekani ameingiza mguu mlangoni. Mei 2020 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Pompeo, anatua Israel katikati ya korona, na wiki hizo hizo kampuni ya Hutchison ya Hong Kong inakosa tenda ya mtambo mkubwa wa kusafisha maji ya bahari wa Sorek 2. Israel ilikuwa imeshaamua mwishoni mwa 2019 kuweka kamati ya kuchunguza uwekezaji wa nje. Tenda za laini zilizofuata za treni ya Tel Aviv Wachina wakakosa, na bandari ya zamani ya Haifa ikauzwa kwa Adani wa India na mwenzake wa Kiisraeli (Adani huyo huyo wa sakata la uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, Wakenya mnamjua). Kwa hiyo anayekwambia China na Israel ni mapacha, mwambie hiyo picha ni ya 2017.

Mpalestina je? Mwaka 2022 Marekani, hiyo hiyo inayompa Israel mabomu, ilitoa zaidi ya dola milioni 300 kwa UNRWA, shirika la UN la wakimbizi wa Kipalestina. Mei 2024 rais wa China Xi Jinping mbele ya viongozi wa Kiarabu Beijing aliahidi dola milioni 3 kwa UNRWA, pamoja na yuani milioni 500 za msaada wa dharura kwa Gaza, ambazo ni kama dola milioni 70. Ni hela, siidharau. Lakini huyu ni mtu wa pili kwa uchumi duniani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo. Hebron kuna kiwanda cha Hirbawi, kinafuma keffiyeh tangu 1961, ile skafu ya Arafat. Kiwanda kilikaribia kufa, na si kwa mkono wa jeshi, ni kwa keffiyeh za bei chee kutoka China zilizojaa sokoni. Na kwa kuwa Wapalestina hawana bandari yao, mzigo wa China unaoenda Ukingo wa Magharibi kwa kawaida unashukia Ashdod au Haifa, ushuru unakusanywa na Israel kwa Itifaki ya Paris ya 1994 (makubaliano ya uchumi kati ya Israel na PLO), ndo baadaye Mamlaka ya Palestina inasubiri kugawiwa. Kwa hiyo alama ya mapambano ya Palestina inafumwa China, inashushwa kwenye gati lililojengwa na Mchina, na anayekusanya ushuru ni Muisraeli.

Vikwazo? Hakuna. Balozi kuitwa nyumbani? Hakuna. Colombia ilivunja uhusiano Mei 2024 na ikazuia makaa yake ya mawe kwenda Israel, Uturuki ikasimamisha biashara mwezi huohuo. Kampuni ya meli ya China, COSCO, ilisimamisha safari za Israel Januari 2024, ila hiyo ni wakati Wahouthi wa Yemen wanapiga meli Bahari ya Shamu, usiihesabu kama mapambano.

Usuluhishi

Mei 2013 Abbas na Netanyahu walikuwa China wiki ileile, mmoja Beijing mwingine anaanzia Shanghai, Xi akatoa hoja nne. 2017 akatoa nne nyingine. Juni 2023 akatoa tatu. Hawajawahi hata kukutanishwa.

Pekee lenye uzito ni Azimio la Beijing, 23 Julai 2024, makundi 14 ya Kipalestina ikiwemo Fatah na Hamas yakasaini kuunda serikali ya mpito ya umoja. Kuwakusanya tu wale watu meza moja ni kazi, na Marekani isingeweza maana wakati huo Hamas ilikuwa haiongei nao wazi na wao wameiweka kwenye orodha ya magaidi, China haijaiweka. Lakini karatasi haikuwa na ratiba, na siku 8 baadaye Ismail Haniyeh akauawa Tehran. Na usitishaji vita wenyewe uliofanyika kweli, Januari 2025 na Oktoba 2025, majina yaliyokuwepo ni Marekani, Misri, Qatar, na ule wa pili na Uturuki. Mchina hakuwepo chumbani, na sioni kama alilazimisha kuwepo.

Ukijiuliza kwa nini, jibu ni mafuta na Marekani. Karibu nusu ya mafuta yasiyosafishwa ambayo China inaagiza yanatoka nchi za Ghuba na jirani zao. Anachotaka ni meli zipite na Waarabu wamuone mwema. Kuubeba mgogoro wenyewe, kuweka majeshi, kudhamini mipaka, kumbana Netanyahu, hiyo ni gharama na anayeilipa ni Washington, mwache aendelee kulipa na kulaumiwa.

Sa uchague nini

Kama ubishi wenu ni nani anampa Mpalestina sauti UN, chagua kambi ya kwanza, Beijing inaongoza na usikubali kuyumbishwa na winchi za Haifa. Kama ni nani ana uwezo wa kuushika mkono wa Israel, achana na China kabisa, hana kamba. Kama wewe ni Muisraeli unayetafuta mkandarasi wa handaki kwa bei nzuri, Mchina, mradi Washington hajaamka. Kama unatafuta rafiki siku ya vita, si yeye.

Wapo wanaomaliza kwa neno unafiki. Mi sikubaliani nao sana, ni neno la uvivu. Mchina hajawahi kuficha kwamba anafanya biashara na Israel wala kwamba anataka dola ya Palestina, yote anayasema mchana. Na kuna pahala amechora mstari, makubaliano ya 2017 ya kupeleka mafundi ujenzi wa Kichina Israel yaliweka sharti wasifanye kazi kwenye makazi ya walowezi Ukingo wa Magharibi. Ni sharti dogo lakini lipo kwenye karatasi. Upande wa pili mwaka 2023 shirika la haki za binadamu la Amnesty lilitoa ripoti ikionesha kamera za Hikvision, kampuni ambayo serikali ya China ina hisa kubwa, zikitumika kuwachunga Wapalestina Yerusalemu Mashariki. Fundi haruhusiwi kupanga tofali kwa mlowezi, kamera haina sharti. Hesabu ileile, tofali lingemletea kelele za Waarabu na kamera haikumletea.

Ukitaka kukijaribu hicho kipimo changu, chukua kura ya 17 Novemba 2025. Marekani inaleta azimio 2803, mpango wa Trump kwa Gaza, kikosi cha kimataifa na bodi ya kusimamia. Balozi wa China UN, Fu Cong, analalamika kwamba Palestina yenyewe haionekani vizuri mle ndani. Kwa maneno yake ungetegemea turufu, na anayo mkononi. Lakini Mamlaka ya Palestina, Misri, Saudia na Qatar walikuwa wameshaunga mkono, kwa hiyo turufu ingemgombanisha na wenye mafuta, na akiipitisha kwa NDIYO anampa Trump ushindi. China na Urusi hazikupiga upande wowote, azimio likapita 13 kwa sifuri. Kambi ya kwanza walinuna wakasema kawasaliti, kambi ya pili wakasema si tuliwaambia, na aliyekuwa anapiga hesabu ya gharama alishaijua hiyo kura tangu asubuhi.